Tuhesabu ndoo za mavi kabla ya kuchimba shimo la biogazi

Koperative nyingi za Kindu na vijiji vya kandokando zinatuuliza swali moja: je, mavi ya wanyama wetu yanaweza kupika chakula? Jibu ni ndiyo, lakini si ya kila mfugaji, na si kwa namna ile ile. Katika makala haya tunaeleza biogazi ni nini, inadai nini kila siku, na komite ifanye hesabu gani kabla ya kutoa hata franka moja ndani ya sanduku.

Kuni ziko mbali, makala ni ghali

Kila mama wa Kasuku, Mikelenge au Alunguli anajua mambo yalivyo. Miaka iliyopita kuni ziliokotwa nyuma ya nyumba. Leo hii mtu anatembea mbali, ao ananunua makala yanayofika kwa baiskeli na kwa mtumbwi. Bei ya mfuko ikipanda, chakula kinapungua ndani ya sufuria. Umeme nao si wa kutegemea jikoni.

Si Kindu peke yake. Katika Kongo yetu nzima, chini ya watu 5 kwa kila 100 wanapika kwa moto safi kama umeme ao gazi. Wengine wote tuko kwenye kuni na makala. Moshi wake si wa kuchezea: Shirika la Afya Duniani (OMS) lilihesabu kwamba moshi wa ndani ya nyumba uliua watu karibu milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020 peke yake. Wanaoumia zaidi ni wale wanaokaa karibu na jiko, ndio wamama na watoto wadogo.

Kwa hiyo wanamemba wakiuliza juu ya biogazi, hawaulizi jambo la anasa. Wanauliza juu ya mfuko wao na kifua chao.

Gazi inatoka wapi?

Ukikaa kandokando ya Lualaba, pale maji yanapolala kwenye matope na majani yaliyooza, utaona mapovu yanapanda juu. Mengi ya mapovu yale ni metani. Wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho wanakula vitu vilivyooza mahali pasipokuwa na hewa, na wanatoa gazi inayowaka. Mwitaliano Alessandro Volta aliikusanya gazi hiyo kwenye matope ya ziwa katika mwaka wa 1776 akaiwasha. Metani iko pia chini ya Ziwa Kivu, na upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt unaivuta na kutoa umeme.

Mtambo wa biogazi unafanya kazi kama matope yale, lakini ndani ya shimo lililofungwa. Tunaingiza mavi mabichi yaliyokorogwa na maji, hewa isiingie. Wadudu wanafanya kazi yao. Gazi inapanda juu na kupita kwenye tiyo mpaka jikoni. Mavi yaliyokwisha kuchacha yanatokea upande wa pili, nayo ni mbolea.

Gazi inayotoka si metani tupu. Kwa kawaida nusu yake ao zaidi kidogo, hadi sehemu 70 kwa 100, ni metani, na iliyobaki ni zaidi kaboni, ile tunayotoa tukipumua. Kuna pia gazi kidogo yenye harufu ya yai bovu, tutarudi kwake huko mbele.

Hapa Kindu tuko na bahati moja: joto. Wadudu hao wanapenda joto la digri 25 hadi 35, nasi tunalo mwaka mzima. Wenzetu wa milimani Kivu wanapata gazi kidogo wakati wa baridi. Sisi shida yetu si joto. Shida yetu ni mavi yenyewe na kazi ya kuyakusanya.

Hesabu ya jamaa moja

Tuchukue jamaa ya watu 6. Ili wapike vizuri, wanahitaji gazi ya lita 1,000 hadi 1,500 kwa siku. Jiko moja linakula lita 200 hadi 450 kwa saa, kadiri ya ukubwa wa moto. Kwa hiyo lita 1,200 zinatosha saa 3 ao 4 za kupika: chai ya asubuhi, wali, na sombe kama haikai muda mrefu mno kwenye moto. Gazi hiyo inachukua nafasi ya kuni za kilo 6 hivi kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya tani 2 za kuni zisizokatwa wala kubebwa kichwani.

Sasa, lita 1,200 zinatoka kwenye mavi kiasi gani? Kilo moja ya mavi mabichi ya ng'ombe inatoa gazi ya lita 40 hivi. Basi tunahitaji kilo 30, maana yake ndoo 3 zilizojaa, kila siku, na Siku ya Mungu pia. Pamoja na mavi hayo tunatia maji lita 30, yaani bidoni moja na nusu.

Tuangalie wanyama wetu mmoja mmoja.

Ng'ombe. Ng'ombe wa kienyeji anatoa kilo 10 hivi kwa siku. Ng'ombe 3 waliofungiwa usiku na mchana wanatosha. Lakini kama wanalala zizini usiku tu, nusu ya mavi inabaki porini, na hapo unahitaji ng'ombe 6. Maniema si nchi ya ng'ombe wengi. Pori na mbung'o haviwapendi.

Nguruwe. Nguruwe mkubwa anatoa kilo 2 hivi, na mavi yake yana nguvu kuliko ya ng'ombe: kilo moja inatoa gazi ya lita 50 ao zaidi. Nguruwe 12 waliofungiwa wanatoa kilo 24, na hizo zinafikia lita 1,200.

Kuku. Kuku 100 wanatoa kilo 10 hivi za mavi mabichi. Ni makali sana. Ukiyatia peke yake bila maji ya kutosha, wadudu wanachomeka na gazi inakatika. Afadhali yachanganywe na ya ng'ombe ao ya nguruwe.

Mbuzi. Hapa ndipo wengi wanavunjika moyo. Mbuzi ndiye mnyama wa kila lupango, lakini anatoa nusu kilo hadi kilo moja tu kwa siku, na ukimfungia usiku peke yake unapata nusu ya hiyo. Kwa kufikisha kilo 30 unahitaji mbuzi karibu 80. Tena vidonge vyake vikikauka vinakuwa vigumu kama mbegu, lazima vilowekwe na kupondwa.

Kwa hiyo tuseme wazi: mtu mwenye mbuzi 7 na kuku 15 wanaozunguka barabarani hana biogazi. Ana nyama, ana pesa ya masomo ya watoto, lakini biogazi hana. Asidanganywe na mtu. Kwake kazi ya kwanza ni kujenga kibanda na kuwafungia wanyama, jambo ambalo litamaliza pia magomvi na jirani mwenye shamba. Mavi yatakayokusanyika ataanza kuyatia kwenye mbolea ya kuoza. Biogazi itamngoja.

Nguruwe na heshima ya jikoni

Kwa hesabu tuliyoifanya, nguruwe waliofungiwa ndio wako karibu zaidi na biogazi kwa wafugaji wa Kindu. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu haina dawa. Ukiingia kijijini unaweza kumaliza zizi lote kwa siku chache, na mtambo unabaki na njaa. Kwa hiyo anayejenga biogazi juu ya nguruwe lazima awe mtu wa kufunga mlango wa zizi: nguruwe wasitoke, wageni wasiingie ovyo, mabaki ya nyama ya nguruwe yasitiwe kwenye chakula chao.

La pili ni imani. Maniema ni nchi ya Waislamu wengi tangu siku za Nyangwe na Kasongo, na ndani ya koperative moja tunakaa Waislamu na Wakristo. Gazi ikifika kwenye jiko haina harufu wala ladha ya mavi, lakini swali la kupikia kwa moto wa mavi ya nguruwe, ao kumwagia mboga mbolea yake, si swali la agronomu. Ni la wenyewe. Koperative iwaulize wazee na maimamu kabla ya kujenga, si baada. Pengine mtambo wa ng'ombe na kuku uwe wa upande huu, na wa nguruwe uwe wa upande ule. Mtambo ambao nusu ya wanamemba hawawezi kula chakula chake ni mtambo uliokufa kabla ya kuzaliwa.

Majirani walipitia wapi

Si sisi wa kwanza. Huko Tanzania shirika la SIDO lilileta mitambo ya namna ya Uhindi, yenye pipa la chuma linaloelea, katika mwaka wa 1975. Chuma kilikula kutu, bei ikawa kubwa. Kisha kituo cha CAMARTEC cha Arusha, pamoja na Wajerumani, kikatengeneza mtambo wa tumba la matofali na simenti lililozikwa ardhini, bila chuma. Namna hiyo ndiyo iliyosambaa katika Afrika ya Mashariki. Kuanzia 2009 programu kubwa ya nchi mbalimbali, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia, ilijenga mitambo ya jamaa kwa maelfu.

Karibu nasi zaidi ni Rwanda. Chuo cha KIST cha Kigali kilijenga mitambo mikubwa kwenye magereza, wa kwanza ukianza kazi katika gereza la Cyangugu, ng'ambo ya Bukavu, mwaka wa 2001. Pale mavi yalikuwa ya wafungwa wenyewe. Kazi hiyo ilipewa zawadi ya Ashden ya Uingereza mwaka wa 2005, kwa sababu ilipunguza sana kuni za kupikia wafungwa na ilimaliza uchafu uliokuwa unateremka kuelekea majini. Somo letu hapa ni kwamba mahali penye watu wengi, vyoo vingi na jiko moja, kama shule ya bweni ao hospitali, panaweza kufaa kuliko nyumba moja moja.

Lakini tuseme na upande wa pili. Katika nchi zote hizo kuna mitambo iliyosimama. Na ukiuliza kwa nini, majibu yanafanana. Ng'ombe aliuzwa mtoto alipougua. Kisima kilikauka. Tumba lilipasuka na fundi aliyelijenga alishahama. Robine ilivunjika na hakuna ya kununua sokoni. Mara chache utasikia kwamba wadudu walikataa kufanya kazi. Wadudu hawana shida. Ni sisi tunaosahau kuwalisha.

Tumba ao mfuko?

Kwa jamaa moja kuna njia mbili kubwa.

Tumba la matofali na simenti. Likijengwa vizuri linadumu miaka 20. Kwa kilo 30 za mavi na lita 30 za maji tunaingiza lita 60 kwa siku. Mavi yanahitaji kukaa ndani siku 50 hivi katika joto letu: 60 mara 50 ni lita 3,000. Ukiongeza nafasi ya gazi, unapata mtambo wa meta kibe 4. Katika nchi za jirani mtambo kama huo na ule wa meta kibe 6 uligharimu kati ya dola 500 na 1,000. Kwetu tuhesabu zaidi, maana simenti inafika Kindu baada ya safari ndefu na kila kituo kinaongeza bei yake. Linahitaji pia fundi aliyejifunza, kwa sababu ufa mdogo kama unywele unatosha kupoteza gazi yote. Na kwenye ardhi inayojaa maji wakati wa mvua, karibu na mto, shimo linaweza kusumbua toka siku ya kwanza.

Mfuko wa plastiki. Ni bomba refu la plastiki nene linalolazwa ndani ya mtaro. Kolombia na Vietnam wameutumia sana, Vietnam hasa kwa nguruwe. Bei yake ni ndogo na kujenga ni kazi ya siku chache. Lakini jua linaukausha, mbuzi anaukanyaga, mtoto anautoboa kwa kijiti. Ukiwekewa kivuli na ukuta wa miti unaweza kudumu miaka michache, kisha plastiki inabadilishwa. Kwa koperative inayotaka kujifunza bila kumaliza sanduku lake, hii ndiyo njia ya kuanzia.

Mtambo mpya usitegemewe siku ya pili. Unaanza kwa kujazwa mavi mabichi mengi, afadhali ya ng'ombe, ao yaliyomo ndani ya tumbo la ng'ombe aliyechinjwa, ambayo ni chachu nzuri. Wiki 2 hadi 4 zinapita. Gazi ya kwanza haiwaki vizuri. Inaachwa itoke nje, mbali na moto.

Majani makavu ya mpunga yasitiwe ndani. Yanaelea na kufanya ukoko juu, gazi inashindwa kupita. Vile vile maji ya sabuni, javeli, na mavi ya mnyama aliyechomwa sindano ya antibiotiki: vyote vinaua wadudu wetu.

Mbolea inayotoka ni faida ya pili, pengine ya kwanza

Wengi wanaangalia gazi peke yake. Sisi tunaangalia pia upande wa pili wa shimo. Kila siku lita karibu 60 za maji mazito meusi zinatoka, bila harufu kali, bila nzi wengi. Chakula cha mimea hakikupotea. Gazi imechukua zaidi kaboni. Azoti imebaki, na sehemu kubwa yake iko tayari kuliwa na mmea.

Kwa wamama wanaolima lengalenga, nyanya, bilinganya na kabichi kwenye mabonde ya Kindu, maji hayo yana thamani kuliko makala yaliyookolewa. Yachanganywe na maji mengine kiasi sawa, yamwagwe kwenye udongo karibu na shina, si juu ya majani. Kwenye mboga inayoliwa mbichi tusimwage kabisa majuma ya mwisho kabla ya kuvuna, maana mtambo wa joto letu hauui mayai yote ya minyoo. Mbolea iliyotoka kwenye vyoo isiguse mboga hata kidogo. Hiyo ni ya miti na ndizi. Yasiachwe juani, azoti inaruka. Mwenye bwawa la samaki anaweza kutia kidogo kidogo, maji yapate rangi ya kijani.

Kuna faida nyingine ya mbali. Metani ikiachwa iende hewani inapasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kaboni ya uzito ule ule, ukihesabu miaka 100. Mavi yanayolala ndani ya shimo la maji bila kufunikwa yanatoa metani hiyo bure. Tukiichoma jikoni, tunapunguza madhara na tunapika. Lakini mtambo unaovuja unafanya kinyume chake. Ndiyo sababu tunakaza juu ya tiyo nzuri.

Hatari ambazo hatucheki nazo

Gazi ikijaa ndani ya jiko lililofungwa, cheche moja inatosha kulipuka. Jiko liwe na madirisha. Kiberiti kinawashwa kwanza, robine inafunguliwa baadaye. Tiyo inapimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu ya yai bovu ndani ya nyumba, funga robine, fungua mlango, usiwashe kitu.

Na hili tunalisema kwa sauti: mtu asiingie kamwe ndani ya shimo la biogazi, hata kama limekaa bila kazi. Ile gazi ya yai bovu ikiwa nyingi inaua kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa mwenzake anafuata njia ile ile.

Nani atabeba ndoo?

Katika jamaa nyingi baba ndiye mwenye wanyama na ndiye anayekata shauri la pesa. Mama ndiye anayepika, anachota maji, na mara nyingi ndiye atakayekoroga mavi. Ukihesabu vizuri, biogazi inampunguzia mama safari ya kuni na moshi, lakini inamwongezea bidoni moja na nusu ya maji na ndoo 3 za mavi kila asubuhi. Kama kisima kiko mbali, amebadilisha mzigo tu. Kwa hiyo mkutano wa kukubali mtambo usifanywe na wanaume peke yao. Kazi igawanywe kwa majina: nani anafagia zizi, nani anachota, nani anakoroga.

Maswali saba ya komite

Kabla ya kuomba pesa kwa shirika lolote, ao kufungua likelemba kwa ajili ya mtambo, komite ichague nyumba chache na ipime kwa siku 7 mfululizo, kwa ndoo na daftari:

1. Ndoo ngapi za mavi mabichi zinakusanywa kila siku? Hesabuni yaliyo ndani ya ndoo, msihesabu wanyama.
2. Wanyama wanafungiwa usiku tu, ao usiku na mchana?
3. Maji yako umbali gani, na kisima kinakauka miezi gani?
4. Jamaa inatumia kuni ao makala ya franka ngapi kwa juma?
5. Nani atafanya kazi ya kila asubuhi, na amekubali mwenyewe?
6. Fundi wa kutengeneza yuko hapa, na robine na tiyo vinapatikana sokoni?
7. Mbolea itakayotoka itamwagwa kwenye shamba la nani?

Nyumba ikifikisha ndoo 3 kwa siku zote 7, na maji yakiwa karibu, hapo tunaweza kukaa na kuzungumza juu ya vipimo vya shimo. Ikikosa, si aibu. Kibanda kizuri, jiko lililoboreshwa linalokula makala kidogo, na lundo la mbolea ni hatua ya kweli, na haidai simenti hata mfuko mmoja. Mwaka kesho, wanyama wakiongezeka, daftari lile lile litafunguliwa tena.